Nzige Mwema wa Hollywood na Nzige wa Katavi: Uchambuzi wa Picha "Exorcist II: The Heretic"

UTANGULIZI

Wako wanaodhani kwamba jarida la itikadi halina kazi na picha za kutisha. Husema kwamba picha hizo ni starehe tu ya vijana, na kwamba mwananchi aliyeshinda shambani ana haki ya kutishwa kidogo jioni kisha akalale. Maoni hayo hayana budi kupingwa. Woga ni nguvu katika jamii. Anayemwambia mkulima aogope nini, amemwambia pia adui yake ni nani. Na anayemwonyesha adui yake amekwisha kumpa siasa, hata kama hakutaja neno siasa.

Picha tunayoichambua hapa ni ya zamani. "Exorcist II: The Heretic" ilitolewa huko Marekani mwezi wa Juni 1977, miezi minne tu baada ya TANU na ASP kuungana na Chama Cha Mapinduzi kuzaliwa. Iliongozwa na Mwingereza John Boorman na kutolewa na kampuni ya Warner Bros., ikiwa ni sehemu ya pili ya "The Exorcist" ya mwaka 1973, yaani hadithi ya mpunga pepo. Kwa nini basi kuirudia leo, na kuirudia Mpanda? Sababu ni mbili. Kwanza, picha hufa kwa shida: za zamani na za sasa hupita pamoja katika simu za vijana, na kijana haulizi mwaka kabla ya kutazama. Pili, picha hii inazungumza juu ya Afrika na juu ya nzige. Na Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ni mji ulio jirani na mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu duniani. Ikiwa kuna mahali penye haki ya kuihukumu picha ya nzige, basi ni hapa.

Nimeitazama mjini Mpanda, kwa mashine ya mwalimu mmoja, pamoja na vijana kumi hivi na mzee mmoja ambaye katika ujana wake alifanya kibarua cha kunyunyiza dawa ya nzige. Vijana walianza kwa kutulia wakaishia kwa kucheka. Mzee hakucheka. Alipoona wingu la nzige likivamia nyumba huko Marekani, aliuliza swali moja tu: mvua ya huko ilinyesha lini? Swali hilo ndilo msingi wa makala haya.

SEHEMU YA PILI HUZALIWA NA NINI?

Tuanze na uchumi, maana ndio mzizi. "The Exorcist" ya William Friedkin, iliyotokana na kitabu cha William Peter Blatty cha mwaka 1971, iliwaingizia wenye mali faida kubwa mno. Aidha ilikuwa picha ya kutisha ya kwanza kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya picha bora. Hadithi yenyewe ilikuwa imekwisha: mtoto amepagawa, mapadre wawili wamekufa wakimtetea, mtoto amepona. Hapakuwa na kitu kilichobaki kusimuliwa. Kilichobaki ni mtaji uliotaka kuzaa tena.

Ndiyo sababu sehemu ya pili ilitengenezwa bila Friedkin na bila Blatty, na Ellen Burstyn, aliyecheza kama mama wa mtoto, alikataa kurudi. Jina la biashara lilibaki. Mwenye duka akiona mtungi mmoja umeuzwa, huandika jina lile lile juu ya mtungi wa pili kabla hajajua atatia nini ndani. Hali hiyo haikukoma mwaka 1977. Mwaka 2021 zilitangazwa habari za kununuliwa kwa haki za kutengeneza mfululizo mpya wa hadithi hiyo hiyo kwa takriban dola milioni 400, na picha ya kwanza ya mfululizo huo, iliyotoka mwaka 2023, nayo iliwavunja moyo watazamaji wengi.

Hata hivyo ni lazima tuwe wa haki. Boorman hakutaka kuurudia ule mtungi. Alitaka kutengeneza picha juu ya wema, si juu ya kutapika na kutukana. Alitaka kuuliza: uovu huenea vipi miongoni mwa watu, na ni kitu gani kinachoweza kuuzuia? Hilo ni swali zito. Mtu aliyeuliza swali zito akashindwa anastahili kukosolewa kwa makini zaidi kuliko yule ambaye hakuuliza kitu. Kwa hiyo tunaikosoa picha hii kwa sababu ilikuwa karibu na ukweli, ikaupa kisogo.

HADITHI KWA MUHTASARI

Padre Lamont, anayechezwa na Richard Burton, anatumwa na Kanisa kuchunguza kifo cha Padre Merrin, aliyekufa akimpunga pepo mtoto Regan. Regan, anayechezwa tena na Linda Blair, sasa ni msichana mkubwa anayeishi katika nyumba ya juu ya ghorofa mjini New York na kutibiwa na daktari wa akili. Daktari ana mashine ya taa zinazomweka mgonjwa usingizini na kuziunganisha akili za watu wawili. Kwa njia hiyo padre anaona kwamba miaka mingi nyuma Merrin alimpunga pepo huyo huyo, Pazuzu, kutoka kwa kijana wa Kiafrika aitwaye Kokumo, kijana mwenye uwezo wa kuwazuia nzige wasile mazao ya watu wake.

Padre anasafiri kwenda Afrika kumtafuta. Kwanza anamwona Kokumo, anayechezwa na James Earl Jones, katika vazi la kichwa la mfano wa nzige ndani ya jumba la udongo. Kisha tunagundua kwamba Kokumo ni mwanasayansi mwenye koti jeupe, anayewachunguza nzige katika maabara. Yeye ndiye anayetoa fundisho la picha: panzi mmoja mmoja ni mpole, lakini wanapobanana na mbawa zao kugusana, hugeuka kuwa kundi la maangamizi, naye anajaribu kumzalisha nzige mwema, jike ambaye hataambukizwa na mguso huo, ili vizazi vyake vilivunje kundi. Regan, tunaambiwa, ndiye nzige mwema wa wanadamu. Mwishoni nzige wanaivamia nyumba ya Washington ambamo mambo yalianzia, nyumba inabomoka, na msichana anawatuliza kwa kurudia alichokifanya Kokumo alipokuwa mtoto.

KOSA LA KWANZA: SHETANI ANATOKA WAPI?

Tazama njia ya uovu katika picha hizi mbili. Katika ya kwanza, shetani anachimbuliwa Iraki. Katika ya pili, anatoka Afrika. Katika zote mbili anayeteswa ni binti wa mama tajiri wa Kimarekani, katika nyumba yenye watumishi. Uovu unaanzia kwetu na kusafiri kwenda kwao. Kwa muda wa karne nne meli zilichukua watu wa Afrika kwenda kwao. Na mwaka 1977 wenyewe walikuwa wametoka vitani Vietnam miaka miwili tu. Lakini katika sinema yao, wao ndio waliovamiwa. Hiyo ndiyo kazi ya itikadi ya ubeberu: kumfanya mvamizi ajione kuwa ndiye aliyevamiwa.

Wala Pazuzu hakutendewa haki. Watu wa kale wa Mesopotamia walimwogopa kama pepo wa upepo mbaya, ndiyo. Lakini walimvaa pia kama hirizi ya kuwakinga wajawazito na watoto wachanga dhidi ya pepo mwingine, Lamashtu. Kwao alikuwa sehemu ya mfumo mzima wa mawazo juu ya hatari na kinga. Hollywood ilichukua sura yake ikaacha mfumo wake, kama vile mkoloni alivyochukua kinyago akaacha ngoma.

Afrika ya picha hii ni ya namna hiyo hiyo. Jina Kokumo ni la Wayoruba wa Nigeria, jina apewalo mtoto ambaye wazazi wanaomba asife kama waliomtangulia. Kanisa lililochongwa katika mwamba ni mfano wa makanisa ya Ethiopia. Kutoka Nigeria mpaka Ethiopia ni mbali kuliko kutoka Mpanda mpaka Dar es Salaam mara kadhaa, lakini katika picha hakuna mbali. Kuna "Afrika" tu, nchi moja yenye udongo mwekundu na umati wa watu wasio na majina. Umati huo huo ndio unaompiga padre mawe. Kokumo peke yake ndiye mwenye akili.

Tukubali kwamba kumwonyesha Mwafrika kama mwanasayansi, mwaka 1977, katika picha ya Hollywood, kulikuwa ni hatua. Lakini ni hatua ya mguu mmoja. Mwanasayansi huyo hana wenzake, hana chama cha ushirika kinachomsubiri, hana wizara, hana mkulima hata mmoja anayemjia na habari kwamba tunutu wameonekana bondeni. Elimu yake imening'inia hewani.

NZIGE WA KATAVI

Sasa tulijibu swali la mzee. Nzige mwekundu hatokani na upepo wa shetani. Anatokana na nyanda za majani zinazofurika wakati wa masika na kukauka kiangazi: Bonde la Rukwa, nyanda za Iku na Katavi, Bonde la Malagarasi, na nyinginezo chache kusini mwa Ikweta. Mvua zinapoanza nzige hutaga mayai ardhini. Mayai huanguliwa na kutoa tunutu. Tunutu huota mbawa. Mwaka ambao hali ya maji na majani huwafanya waongezeke na kukusanyika mahali padogo, mambo hubadilika.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo jarida kama hili haliwezi kulipita. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alieleza kwamba panzi anayeishi peke yake na nzige anayeruka katika kundi si lazima wawe wadudu wawili tofauti. Wanaweza kuwa mdudu mmoja katika hali mbili. Wanapobanana, rangi hubadilika, tabia hubadilika, na aliyekuwa akimkwepa mwenzake huanza kumfuata. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kwa nzige wa jangwani mguso wa miguu ya nyuma kwa saa chache unatosha kuanzisha mabadiliko hayo. Huu ni mfano safi wa kanuni ya uyakinifu kwamba wingi ukifika kikomo huzaa sifa mpya. Hakuna roho iliyoingia ndani ya mdudu. Mazingira yake yamebadilika, naye akabadilika.

Boorman alilijua hilo, au sehemu yake. Ule mguso wa mbawa katika picha yake uko karibu na sayansi. Lakini baada ya kusema kwamba mazingira humgeuza mdudu, hakuuliza mazingira yabadilishwe vipi. Alikimbilia kumtafuta mdudu mteule.

Historia ya eneo letu inajibu vingine. Wimbi kubwa la nzige wekundu lililoanza karibu mwaka 1930 na kuendelea hadi mwaka 1944 lilianzia katika mabwawa ya Mweru wa Ntipa, huko Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, na katika Bonde la Rukwa, likaenea karibu Afrika yote ya kusini ya Ikweta. Fundisho lililopatikana lilikuwa moja: ukingoja kundi liruke umechelewa, lazima tunutu wafuatwe katika mazalio yao. Mwaka 1949 serikali za kikoloni zikaunda huduma ya pamoja yenye makao yake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Baada ya uhuru nchi za Kiafrika zenyewe ziliichukua kazi hiyo kwa shirika lao lenye makao Ndola, Zambia, na Tanzania ni mwanachama. Mwaka 2009 nzige walipozidi, katika nyanda za Iku na Katavi, Rukwa na Malagarasi kiasi cha hekta 10,000 zilinyunyiziwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, yaani ukungu unaoua nzige bila kudhuru viboko, ndege na samaki wa mabwawa hayo. Hatari ilizimwa kabla ya makundi kufika mashambani.

Hiyo ndiyo picha ambayo Hollywood haijaitengeneza. Ndani yake hakuna mteule. Yuko rubani, yuko mpima mvua, yuko kibarua mwenye pampu mgongoni, yuko mkulima anayetoa taarifa, yuko karani anayehesabu mapipa ya dawa. Nzige mwema hakuzalishwa maabara. Nzige walishindwa na watu waliojipanga.

KOSA LA PILI: MTEULE BADALA YA UMMA

Kosa kuu la picha hii basi ni kosa la falsafa. Inakubali kwamba uovu ni jambo la jamii, linaloenea kwa mguso wa mmoja na mwingine. Kisha inadai kwamba wokovu ni jambo la mtu mmoja mwenye kipaji cha kuzaliwa. Ugonjwa ni wa umma, dawa ni ya mtu binafsi. Huo ni udhanifu, nao una faida kwa wenye mali: watu wanaomngoja mteule hawaundi chama.

Tazama nani anakufa mwishoni. Sharon, mwajiriwa aliyemlea Regan miaka yote, anateketea kwa moto mbele ya nyumba. Picha inampita haraka, kama gharama ya safari. Msichana anatoka salama akiwa mwokozi wa ulimwengu. Sijui kama watengenezaji walitambua walichokionyesha, lakini walikionyesha: katika ulimwengu wao anayefanya kazi huungua, na anayerithi huokoka.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Marekani. Tujiangalie sisi.

Katika miaka ile ile ya 1930 nzige walipokula mazao, bei za bidhaa ziliporomoka duniani, na vibarua wa migodi ya shaba walirudishwa makwao. Mwaka 1933 na 1934 ilienea, kutoka Nyasaland kwenda Rhodesia ya Kaskazini na mpaka kusini-magharibi mwa Tanganyika, harakati ya mchape: vijana waliopita vijijini wakidai kuwatambua wachawi kwa kioo na kuwanywesha dawa. Sisemi kwamba nzige ndio waliouzaa mchape. Nasema kwamba watu waliopigwa na njaa, kodi na kukosa kazi kwa pamoja walipewa jibu moja rahisi: adui yuko katika nyumba ya jirani. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, harakati hiyo ilirudi Ufipa kwa jina la kamchape. Na katika miaka yetu hii watu wa Katavi, Rukwa na Kigoma wanajua neno lambalamba bila kufafanuliwa: kundi huingia kijijini, wananchi huchangishwa, nyumba hupekuliwa, mzee hutolewa nje, na umati hukusanyika.

Umati huo ndio kundi la nzige. Mmoja mmoja ni watu wapole, wanaosaidiana kuchimba kaburi na kukopeshana chumvi. Wanapobanana uwanjani usiku, mwenge mkononi, hugeuka. Jirani akigusana na jirani, yeyote anaogopa kuwa wa kwanza kunyamaza asije akashukiwa. Vibibi wameuawa nchini mwetu kwa sababu ya macho mekundu, na macho mekundu hayo yametokana na miaka hamsini ya moshi wa kuni jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka mwezi wa Januari 2009 Serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi.

Sasa mfikirie kijana aliyetazama "The Exorcist" akajifunza kwamba uovu husomwa katika macho ya mtu, katika ngozi yake na sauti yake. Picha hiyo haikumwua bibi yeyote, na hatuna haja ya kusema hivyo. Lakini imempa kijana macho ya kumtazama bibi yule. Sehemu ya pili ilikuwa na nafasi ya kuyasahihisha macho hayo. Ilikuwa na umati wenye mawe mikononi. Ilikuwa na mwanasayansi wa kueleza umati huzaliwa vipi. Lau ingemweka Kokumo katikati ya umati ule, akiwaeleza watu wake walichogeuka kuwa, ingekuwa picha ya kutisha kweli kweli, na ya kufundisha. Badala yake ilimrudisha maabara na kumpeleka padre uwanja wa ndege.

FANI

Wako wanaofikiri kwamba picha ilishindwa kwa sababu ilikuwa na ujumbe. La hasha. Ilishindwa kwa sababu ujumbe wake ulisemwa na haukutendeka. Watu wanasimama wakielezana wema, ubaya na akili moja ya ulimwengu, kana kwamba wako semina. Mashine ya taa inawaka na kuzima mpaka mtazamaji anasinzia yeye mwenyewe. Burton anasema maneno mazito kwa uso usiojua yanakwenda wapi. Inajulikana kwamba watazamaji wa kwanza huko Marekani waliangua kicheko, na Boorman alilazimika kuikatakata picha upya wakati imekwisha ingia katika majumba ya sinema. Fundi anayebadilisha msingi wakati wenye nyumba wamekwisha hamia hawezi kutarajia nyumba isimame.

Mazuri yake yasifichwe. Safari ya kamera pamoja na nzige, juu ya ardhi kavu, inashika moyo. Kwa dakika chache mtazamaji anaona dunia kama inavyoonwa na kundi. Muziki wa Ennio Morricone unafanya kazi ambayo maneno yameshindwa kuifanya. Dakika hizo zinathibitisha hoja yetu: picha inapomwonyesha mdudu na nchi yake, ina nguvu, inapomhubiri mteule, inachekesha. Vijana wa Mpanda hawakucheka walipowaona nzige. Walicheka walipomwona mwokozi.

TUJIKOSOE

Uchambuzi usiorudi nyumbani ni majungu. Picha zetu wenyewe za kutisha zina sehemu za pili pia. Katika miaka ya 2000, soko la picha za video lilipokua Dar es Salaam, ilikuwa kawaida hadithi moja kugawanywa katika sehemu mbili ili mnunuzi alipe mara mbili. Katika nyingi ya picha hizo jini au mchawi ndiye anayeeleza umaskini, ugonjwa na ndoa kuvunjika. Na anayeokoa ni mganga au mhubiri mmoja. Tumeicheka Hollywood huku tumekaa juu ya mkeka wake.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu wapatao milioni mbili, ikawaeleza ugonjwa unatoka wapi: maji, choo, mbu. Watu walichimba vyoo. Kampeni hiyo haikuwadharau wananchi wala haikuwatisha na mashetani. Nchi yetu ilikuwa na Shirika la Filamu tangu mwaka 1968, na mwaka 1985 ilitoka "Arusi ya Mariamu", iliyoitazama tiba ya jadi kwa heshima na kwa maswali, bila kumtukana mganga wala kumwabudu. Shirika lile limekufa. Tuliliacha life, na nafasi yake ikajazwa na yeyote aliyekuwa na kamera na deni.

Hata kwa nzige tujikosoe. Dawa ya kuvu ya mwaka 2009 ilinunuliwa kwa msaada wa dharura wa Umoja wa Mataifa. Na mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kwa wingi usioonekana huko kwa miaka 70, Afrika Mashariki yote iliona gharama ya kuchelewa. Kinga haina sifa. Mwaka ambao nzige hawakuruka, hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini nchi inayongoja msaada kila tunutu wanapoanguliwa nayo inamngoja mteule.

HITIMISHO

Wazee wa nchi hii walisimulia juu ya Katavi, mwindaji ambaye roho yake inakaa katika mkwaju karibu na ziwa lenye jina lake, na watu waliacha sadaka chini ya mti huo kabla ya kwenda kuwinda. Mtu anaweza kuiamini au asiiamini hadithi hiyo. Lakini tazama inafanya nini: inamfunga mtu na mahali, na mti, na maji, na wenzake wanaowinda hapo. Haimnyooshei kidole kibibi yeyote. Roho wa Hollywood hana mahali. Huruka popote palipo na tiketi ya kuuza.

Kwa hiyo basi, tunawaachia makada wetu, walimu na vijana wanaotengeneza picha kazi tatu. Moja, vikundi vya vijana viitazame picha ya kutisha kisha viijadili, kwa kuuliza: uovu umetoka wapi, ni nani aliyeteseka, ni nani aliyeokoa, na nani amepata faida? Mbili, watengenezaji wetu waje Rukwa na Katavi watengeneze picha ya nzige kama walivyo, na ya umati kama ulivyo, bila kumficha anayechangisha fedha nyuma ya umati. Tatu, viongozi wa vijiji wasingoje damu imwagike ndipo wauite mkutano. Umati huvunjwa ungali tunutu.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mkulima anapomwogopa bibi wa jirani, yupo anayehesabu michango. Tulipokwisha kuzima mashine, kijana mmoja alimwuliza mzee kama kweli yuko nzige mwema. Mzee alimjibu kwamba hakumwona kamwe. Alichokiona ni watu mia mbili wakitembea kwa mstari mmoja bondeni, alfajiri, kabla jua halijapasha mbawa.